Mshahara Umepanda: Nani Anayelipa?

Mwaka 2025 ulikuwa mwaka wa habari njema kwa wenye kuishi kwa mshahara katika Tanzania. Siku ya Mei Mosi ilitangazwa kwamba kuanzia Julai kima cha chini cha watumishi wa umma kitapanda kutoka Sh. 370,000 hadi Sh. 500,000 kwa mwezi, yaani nyongeza ya asilimia 35.1. Mwezi wa Oktoba ikafuata habari ya sekta binafsi: kima cha chini kitapanda kutoka wastani wa Sh. 275,060 hadi Sh. 358,322, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Mtu alaye kwa jasho lake hawezi kulaumiwa akishangilia habari kama hizo.

Hata hivyo, kila inapotolewa nyongeza ya namna hii, husikika sauti mbili. Sauti ya kwanza ni ya waajiri, wasemao kwamba mshahara ukipandishwa kwa sheria kazi zitapungua na maskini ndiye atakayeumia. Sauti ya pili ni ya wale waaminio kwamba kupandisha mshahara ni kutia saini tu, na kwamba asiyetaka kutia saini hiyo ni adui wa mfanyakazi. Sisi twaona kwamba sauti zote mbili zinaruka swali lililo kubwa kuliko yote. Kila shilingi inayoongezwa katika mfuko wa mfanyakazi imetoka mahali. Mfanyakazi mwenye busara hana budi kuuliza: imetoka wapi, na nani anayeilipa? Asipouliza, huenda akagundua baadaye kwamba aliyelipa ni yeye mwenyewe, au mwenzake aliyekuwa akifanya kazi kando yake.

Swali hili si geni kwetu. Nchi yetu ilikwisha kulijibu mara moja, kwa gharama kubwa, na yafaa tukumbushane.

MSHAHARA WA KAPERA

Zamani za ukoloni mshahara wa Mwafrika ulipimwa kwa kipimo cha mtu mmoja asiye na mke wala mtoto. Ilidhaniwa kwamba mke na watoto wako kijijini wanalima, na kwa hiyo tajiri hana haja ya kuwalisha. Kwa kweli shamba la kijijini ndilo lililokuwa likimsaidia tajiri kulipa mishahara. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko kazi ilifanywa na manamba, watu waliochukuliwa kwa mkataba kutoka mbali, kama vile Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Mtu alipewa kipande chenye nafasi za siku thelathini. Kila alipomaliza kazi ya siku aliyopimiwa, nafasi moja ilitiwa alama, na hakulipwa mpaka kipande kijae. Mwisho wa mkataba alirudishwa kwao, akaja mwingine.

Watu hawakukaa kimya. Januari 1947 mji wa Mombasa ulisimama kwa mgomo mkuu, na mwaka huo huo makuli wa bandari ya Dar es Salaam wakagoma. Katika Kenya, kamati ya mwaka 1954 iliyojulikana kwa jina la mwenyekiti wake, Carpenter, ilipendekeza kwamba mshahara wa kapera uachwe, na mahali pake uwekwe mshahara wa kumtunza mtu na jamaa yake. Huku kwetu, chama kikuu cha wafanyakazi, T.F.L., kiliundwa mwaka 1955, na Rashidi Kawawa akawa katibu wake mkuu. Tangu hapo dai la mshahara wa kumtosha mtu na watoto wake likawa dai la nchi nzima.

Tumeyaeleza haya ili isidhaniwe kwamba kima cha chini ni fadhila au anasa. Kilizaliwa kwa sababu mtu mmoja mwenye njaa, akisimama peke yake mbele ya mwenye shamba, hawezi kupatana naye bei ya haki. Asiyeweza kungoja hata siku mbili bila chakula atakubali chochote. Sheria ya kima cha chini humwambia tajiri: hapa ndipo mwisho wa kushuka.

YALIYOTOKEA BAADA YA 1963

Uhuru ulipokuja Desemba 1961 dai hilo halikuweza kucheleweshwa. Mwaka 1962 bodi ya mishahara iliyoongozwa na Donald Chesworth ilitoa taarifa yake, na tangu mwanzo wa mwaka 1963 viwango vipya vikaanza kutumika: Sh. 150 kwa mwezi katika Dar es Salaam, na viwango vya chini zaidi mashambani. Kwa mtu aliyekuwa amezoea mshahara wa kikoloni, huo ulikuwa mruko mkubwa.

Matokeo yake yalikuwa ya namna mbili, na ni lazima yote mawili yatajwe.

Kwanza, waliobaki kazini walinufaika kweli kweli. Mshahara ulipanda kuliko bei ya vitu. Watu wakaacha desturi ya kuja mjini au shambani kwa miezi michache na kurudi. Wakadumu kazini, wakaleta wake zao, wakajifunza ufundi. Tajiri naye, kwa kuwa sasa alilipa zaidi, alianza kupanga kazi vizuri zaidi. Katika mwaka 1964 Tanganyika ilitoa mkonge mwingi kuliko wakati wowote, karibu tani 230,000, na kwa watu wachache kuliko hapo awali. Mtindo wa manamba, ambao hotuba nyingi zilishindwa kuuondoa, ukamalizika katika muongo huo. Mwajiri hakuwa tena na faida ya kumsafirisha mtu kutoka mbali ili amtumie kwa bei ya bure.

Pili, watu wengi walipoteza kazi. Mwanzoni mwa muongo ule walioajiriwa kwa mshahara walikuwa karibu 400,000 katika nchi nzima. Mwaka 1963 walikuwa wamepungua wakawa karibu 340,000. Mashamba ya mkonge ndiyo yaliyoachisha watu wengi zaidi: kabla ya muongo kwisha yalikuwa yamepoteza zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake.

Wako wasemao kwamba lawama yote ni ya mshahara. Hilo si kweli. Bei ya katani katika soko la dunia ilikuwa juu mwaka 1963 na 1964, kisha ikaporomoka, kwa sababu viwanda vya nchi tajiri vilianza kutengeneza kamba kwa nyuzi zisizotoka shambani. Hata kama mshahara ungalibaki pale pale, mashamba mengi yangalifungwa. Lakini si kweli vile vile kusema kwamba mshahara haukuhusika. Watu walianza kupunguzwa wakati bei ya katani ilikuwa ingali nzuri. Nyongeza iliwafanya matajiri wahesabu tena ni watu wangapi wanaohitajiwa kukata majani na kuhudumia korona, na bei ilipoanguka hesabu hiyo ikazidi kuwa kali.

Mwaka 1967 Serikali ilipokea taarifa ya Profesa H. A. Turner, aliyetumwa na Shirika la Kazi la Kimataifa. Hoja yake ilikuwa kwamba mishahara ilikuwa imepanda kwa kasi kubwa, ajira imepungua, na pengo kati ya mwenye mshahara na mkulima linapanuka. Baada ya hapo Serikali iliweka siasa ya kwamba nyongeza za mishahara kwa kawaida zisizidi asilimia 5 kwa mwaka, na ikaundwa Mahakama ya Kudumu ya Kazi ili kuyakagua mapatano. Azimio la Arusha, lililotoka Februari ya mwaka huo huo, lilikuwa limekwisha kuonya kwamba mji waweza kukinyonya kijiji.

WALIPAJI WANNE

Tukiyatazama mambo hayo kwa makini, tutaona kwamba nyongeza ya mshahara ina walipaji wanne.

Mlipaji wa kwanza ni faida ya mwajiri. Tajiri anayepata faida kubwa kwa sababu wafanyakazi wake hawana pengine pa kwenda aweza kulipa zaidi na bado kazi yake ikaendelea. Mlipaji wa pili ni mnunuzi: mwajiri hupandisha bei ya bidhaa yake. Mlipaji wa tatu ni kazi yenyewe ikifanywa vizuri zaidi, kwa chombo bora, kwa mpango bora, na kwa mtu aliyekula akashiba na asiyewaza kuhama kila mwezi. Mlipaji wa nne ni mfanyakazi: yule anayeachishwa, au yule anayebaki na kupimiwa kazi ya watu wawili, au kijana ambaye hataajiriwa kamwe.

Kazi ya siasa njema ya mishahara ni kuhakikisha kwamba watatu wa kwanza ndio wanaolipa, na wa nne anakingwa. Lakini hilo halipatikani kwa kutamani. Hutegemea kazi ni ya namna gani, na bei ya bidhaa yake inapangwa na nani.

Mkonge uliuzwa ng'ambo, na bei yake haikupangwa Tanga. Tajiri hakuweza kumwambia mnunuzi wa Ulaya kwamba kwa kuwa mshahara umepanda basi kamba nayo ipande. Mnunuzi angalienda Brazili, au angalinunua nyuzi za kiwandani. Mlipaji wa pili hakuwapo. Faida ilipopungua, mlipaji wa kwanza naye akadhoofika. Mzigo ukawaangukia wa tatu na wa nne.

Ulinganishe na jambo lililotokea Marekani. Tarehe 1 Aprili 1992 jimbo la New Jersey lilipandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 hadi dola 5.05 kwa saa. Wataalamu wawili, David Card na Alan Krueger, walichunguza mikahawa 410 ya vyakula vya haraka katika jimbo hilo na katika jimbo jirani la Pennsylvania, ambako mshahara haukupandishwa. Katika taarifa yao ya mwaka 1994 walisema kwamba hawakuona kazi zimepungua. Waliloliona ni kwamba bei ya chakula katika New Jersey ilipanda kidogo. Mlaji ndiye aliyelipa sehemu, na hakuweza kwenda kula chakula chake cha mchana Brazili. Card alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa uchunguzi wa namna hiyo. Krueger alikuwa amefariki mwaka 2019.

Na ili isisemwe kwamba Marekani ni nchi tajiri isiyofanana na zetu, tuitazame Afrika Kusini, ambako yote mawili yalitokea ndani ya nchi moja. Haroon Bhorat wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walichunguza sheria za kima cha chini zilizowekwa kwa kila aina ya kazi mwanzoni mwa karne hii. Kwa watumishi wa nyumbani, wa madukani na walinzi, mishahara ilipanda bila dalili kubwa ya watu kuachishwa. Kwa vibarua wa mashamba, waliowekewa kima chao mwaka 2003, mishahara ilipanda lakini kazi zilipungua. Yaliyotokea kwa mkulima wa matunda ya kuuzwa ng'ambo yafanana na yale yaliyotokea kwa mkonge wa Tanga.

Basi anayesema kwamba kupandisha mshahara huua kazi daima, anasema uongo. Na anayesema kwamba hakuui kazi kamwe, naye anasema uongo. Mlinzi wa ghala la Dar es Salaam hawezi kuhamishiwa nchi nyingine, wala mnunuzi hawezi kuagiza ulinzi kwa meli. Mchumaji wa chai ni jambo lingine. Mwezi wa Mei 2023 huko Kericho, Kenya, wananchi wenye hasira walichoma moto mashine za kuchumia chai kwa sababu waliona kazi zao zinachukuliwa. Ajuaye hivyo atadai nyongeza katika sehemu zote mbili, lakini atadai kwa mpango tofauti.

FEDHA NYINGI, KIBABA KILE KILE

Yako pia madhara yanayowafikia hata wasioachishwa kazi. Kutoka mwaka 1975 hadi 1981 kima cha chini katika Tanzania kilipandishwa kutoka Sh. 380 hadi Sh. 480, kisha hadi Sh. 600. Kwa macho, huo ni mwendo wa kupanda. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 bei zilikuwa zikipanda kwa karibu asilimia 30 kila mwaka, na sukari, sabuni na unga vilikuwa haba madukani. Mfanyakazi wa mwaka 1981 alihesabu noti nyingi kuliko za mwaka 1975, lakini chakula alichokipeleka nyumbani kilikuwa kidogo kuliko cha zamani. Noti hazikuwa na vitu vya kuzilaki.

Hiyo ni sababu ya sisi kusema kwamba mshahara hupimwa kwa kibaba. Pale ambapo unga, mafuta ya taa, nauli na kodi ya chumba vinapanda pamoja na mshahara, mwenye duka na mwenye nyumba ndio waliopewa nyongeza. Mfanyakazi amekuwa tarishi wao tu.

Tena tusiwasahau ndugu zetu walio nje ya kundi la mishahara. Wengi wa watu wafanyao kazi nchini Tanzania hawamo katika orodha ya mshahara ya mtu yeyote: ni wakulima, wavuvi, mama lishe na wachuuzi. Amri ya mishahara haiwagusi moja kwa moja, ila bei zikipanda zinawagusa. Na mshahara wa mjini ukienda mbali sana na pato la shamba, vijana huacha jembe kufuata kazi ambayo haipo. Kenya ililiona hilo mapema. Mwaka 1964 Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipatana kwamba waajiri wataongeza watu kwa asilimia 10 na Serikali kwa asilimia 15, na wafanyakazi hawatagoma wala kudai nyongeza kwa mwaka mmoja. Habari zilipoenea, watu walimiminika mijini kutafuta kazi hizo, na wasio na kazi hawakwisha. Mambo ya Afrika ya Mashariki ya wakati huo ndiyo yaliyowapa wataalamu John Harris na Michael Todaro hoja waliyoitoa mwaka 1970: kwamba kila kazi nzuri mpya ya mjini yaweza kuvuta zaidi ya mtu mmoja kutoka shambani.

YATUPASAYO

Je, haya yote yanatuambia tuache kudai? Hata kidogo. Mtu anayepokea Sh. 358,322 kwa mwezi, akalipa chumba, nauli, chakula na daftari za watoto, hajafikia anasa yoyote. Kudai ni haki, na kuacha kudai ni kurudi kwenye mshahara wa kapera. Lakini dai lenye macho lapita dai lenye kelele. Mambo manne yanatupasa.

La kwanza, amri isomwe na itekelezwe. Katika sekta binafsi viwango hutofautiana kwa aina ya kazi, na wako wafanyakazi wasiojua cha kwao ni kipi. Nyongeza iliyoandikwa katika Gazeti la Serikali na isiyofika mfukoni ni maneno matupu. Kila tawi la chama cha wafanyakazi libandike kiwango chake ukutani, na maafisa wa kazi waitwe pale kinapovunjwa.

La pili, kipimo cha kazi kilindwe. Hila ya tangu zamani za kipande ni kupandisha mshahara kwa mkono mmoja na kuongeza kazi ya siku kwa mkono wa pili. Ikiwa kazi inaongezwa kwa sababu chombo kimekuwa bora, hayo ni maendeleo. Ikiwa inaongezwa kwa sababu mwenzako ameondolewa, hiyo si nyongeza. Umelipwa mshahara wa jirani yako.

La tatu, hesabu zifunuliwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akipe chama kinachotambuliwa habari zinazohitajiwa katika majadiliano. Inamtaka pia, kabla ya kupunguza watu, atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane. Mwajiri asemaye kwamba hawezi kulipa aonyeshe daftari. Akiwa mkweli, tutafute pamoja naye njia ya kupandisha kwa hatua. Akiwa mwongo, daftari litamuumbua.

La nne, nyongeza zije kidogo kidogo na kwa wakati unaojulikana. Mshahara uliokaa miaka mingi bila kuguswa, kisha ukarushwa kwa ghafula, humtia mfanyakazi hasara mara mbili: miaka yote ya kungoja bei zinamla, na siku ya nyongeza mwajiri anashituka na kukimbilia kupunguza watu. Nyongeza inayotazamwa upya kila baada ya muda mfupi, kwa kufuata bei za vitu na wingi wa mazao ya kazi, humpa mwajiri nafasi ya kununua chombo kipya na kumfundisha mtu wake.

Wale maelfu walioondoka katika mashamba ya mkonge baada ya 1963 hawakuwa wavivu, na walioongezewa mshahara hawakuwa na hatia. Kilichokosekana ni watu wa kuuliza mapema ni nani atakayelipa, na kumwandalia mahali pa kwenda yule ambaye angalilipa kwa kazi yake. Sasa viwango vipya vimewekwa. Swali hilo liulizwe katika kila kiwanda, kila shamba na kila duka, na liulizwe leo, kabla ya barua za kuachishwa kazi kuandikwa.